Profesa Penina Mlama: Safari ya ngoma kutoka kijijini hadi chuo kikuu, na kurudi

Mtu aliyekulia Handeni huitambua ukala mara aionapo. Ni ngoma ya uwindaji ya Wazigua, na ndani yake wachezaji huigiza msako wa mnyama. Jirani zao wa milima ya Korogwe, Wasambaa, wanayo mdumange. Baada ya Mwalimu Nyerere kuunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, ngoma za namna hii zilichukuliwa vijijini, zikafupishwa na kupangwa upya ili zionyeshwe majukwaani mbele ya viongozi na wageni.

Tatizo ni kwamba ngoma ikiondolewa kwa wenyewe, huacha nyuma sehemu kubwa ya maana yake. Mtazamaji wa Dar es Salaam huona miguu na kusikia ngoma, lakini hajui nani alikuwa akifundishwa nini. Mwanazuoni aliyelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu ni Profesa Penina Muhando Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyepata kuongoza idara ya sanaa za maonyesho chuoni hapo.

Profesa Mlama alizaliwa mwaka 1948 huko Berega, wilayani Kilosa, katika nchi ya Wakaguru. Wasomaji wengi walimfahamu kwanza kwa jina la Penina Muhando, mtunzi wa tamthilia za Hatia (1972), Nguzo Mama (1982) na Lina Ubani (1984). Aliamua kuandika kwa Kiswahili wakati ambapo waandishi wengi wa Afrika walikuwa wakitafuta soko kwa Kiingereza. Uamuzi huo haukuwa wa biashara, maana tamthilia haijawahi kumtajirisha mtu hapa nchini.

Utafiti wake wa shahada ya uzamivu ulihusu sanaa za jadi za Wakaguru kama chombo cha kufundishia. Hapo ndipo ulipo msingi wa kazi yake yote. Kwa maoni yake, jando, unyago, hadithi na ngoma vilikuwa shule kamili, yenye walimu na mitaala yake, kabla ya kugeuzwa burudani ya sherehe.

Miaka ya 1980 yeye na wenzake walitoka darasani wakaenda vijijini, ikiwa ni pamoja na Malya mkoani Mwanza na Msoga mkoani Pwani. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kuandikwa. Walianza kwa kuishi na wanakijiji na kuchunguza matatizo yao, kisha wanakijiji wenyewe wakatunga ngoma na michezo kuhusu matatizo hayo. Baada ya onyesho ulifuata mjadala wa wazi, ambao kwa hakika ndio uliokuwa onyesho lenyewe, kwani kijana au mwanamke asiyethubutu kumkosoa kiongozi mkutanoni aliweza kufanya hivyo kwa kuimba. Uzoefu huo aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo.

Mwaka 1996 ulianzishwa mradi wa Tuseme, alioubuni pamoja na Profesa Amandina Lihamba. Safari hii wahusika walikuwa wasichana wa shule za sekondari, ambao kupitia maigizo na nyimbo walieleza yale yanayowakwamisha masomoni, yakiwamo unyanyasaji na mimba. Mlama alipokuwa mkurugenzi mtendaji wa FAWE, shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika lenye makao yake makuu Nairobi, mradi huo ulivuka mipaka na kufika nchi nyingine. Aidha, alipata kuwa Ofisa Mkuu Taaluma wa chuo kikuu, na baada ya Profesa Issa Shivji akakalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere.

Yaliyosemwa na wasichana wale hayakupata majibu haraka. Mwanafunzi aliyepata mimba aliendelea kufukuzwa, na ilikuwa Novemba 2021, robo karne baada ya Tuseme kuanza, Serikali ilipotangaza kuwa anaweza kurudi katika shule ya kawaida baada ya kujifungua.