Istilahi za Kuchagua Kamshafti ya Injini yenye Turbo

Fundi wa Mgogoni, Kisiwani Pemba, atakaye kubadilisha kamshafti ya injini yenye turbo hana budi kuiagiza ng'ambo ya bahari, nayo huja na karatasi ya vipimo iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni. Ikija isiyofaa, hasara ni yake na ya mwenye gari. Hapa twapenda kuzichambua istilahi chache ambazo bila ya hizo karatasi hiyo haifasiriki, na kueleza kwa nini tumependelea baadhi na kukataa nyingine.

Jina la chombo chenyewe halitusumbui. Mafundi wamekwisha kulitohoa, nasi hatuoni faida ya kuwapokonya. Kamshafti ni fimbo ya chuma izungukayo mara moja kila krenkshafti izungukapo mara mbili, na juu yake mna vimbe zinazosukuma valvu zifunguke. Vimbe hizo twapendekeza ziitwe nundu. Aliyekulia karibu na gari la ng'ombe hahitaji kuelezwa zaidi.

Kimo chataka uangalifu. Nundu yenye kimo cha milimita 6, ikipitia wenzo wenye uwiano wa 1.5, huifungua valvu kwa milimita 9. Mfasiri aandikaye "kimo" peke yake humwachia fundi kazi ya kukisia, na akikisia vibaya, valvu huweza kuigonga pistoni. Basi tuseme kimo cha nundu na kimo cha valvu, kila kimoja mahali pake.

Kipimo cha kukaa wazi kwa valvu wengi hukiita "muda". Hatukubaliani nao. Muda hupimwa kwa sekunde, na sehemu hiyo ya sekunde hupungua kila injini iongezapo mbio. Ilhali tarakimu iliyo kwenye karatasi haibadiliki, kwani ni nyuzi za mzunguko wa krenkshafti. Tumechagua nyuzi za uwazi.

Sasa tufike penye uzito. Mwishoni mwa kutoa moshi na mwanzoni mwa kuingiza hewa kuna kitambo ambapo valvu za pande zote mbili zi wazi. Kitambo hicho kimeitwa "mwingiliano", neno lililokwisha kutwikwa mizigo mingi mno katika taaluma nyingine, na pia "mpishano", ambalo lapotosha kabisa, kwa kuwa wapishanao huachiana njia. Twapendekeza uwazi wa pamoja, maana ndivyo ilivyo.

Katika injini isiyo na turbo, iendapo mbio sana, moshi utokao huivuta hewa mpya nyuma yake. Hivyo uwazi wa pamoja mkubwa huleta nguvu. Turbo hubadili hukumu hiyo. Moshi hulazimika kuzungusha gurudumu la turbo kabla ya kutoka, na mara nyingi, hasa turbo ikiwa ndogo, kanieneo yake katika njia ya ekzosi hupita ile ya hewa inayoingia. Valvu zikiwa wazi pamoja, moshi hurudi ndani, ukachukua nafasi ya hewa safi na kuitia joto. Tena, kwa kuwa turbo yenyewe huisukuma hewa ndani, nyuzi za uwazi nyingi hazihitajiki sana. Huidhoofisha injini katika mwendo wa chini na kuichelewesha turbo kushika kasi. Lakini hii si sheria isiyo na nje: turbo kubwa isiyoubana moshi huweza kuruhusu uwazi wa pamoja mkubwa zaidi. Kwa hiyo "kamshafti ya mashindano" si istilahi bali ni sifa ya muuzaji. Celica yenye turbo na kamshafti mbili, iliyoshinda Safari Rally miaka ya 1984, 1985 na 1986, ilikuwa gari la mashindano. Hilo peke yake halimwambii fundi ni nyuzi ngapi.

Limebaki jina la pembe iliyopo kati ya kilele cha nundu ya kuingiza na kilele cha nundu ya kutoa. "Pembe ya nundu" ni fupi, ila ng'ombe anavyo vyote viwili, na wanafunzi watacheka. Tuseme pembe baina ya nundu. Tuchukue kamshafti mbili, kila moja ikiwa na nyuzi za uwazi 260 pande zote mbili. Ya kwanza ina pembe ya nyuzi 108, ya pili 114. Pembe hii hupimwa kwenye kamshafti, si kwenye krenkshafti, kwa hiyo huzidishwa kwa 2 kabla ya kutolewa katika 260. Ya kwanza hupata uwazi wa pamoja wa nyuzi 44, ya pili 32. Hiyo ya pili ndiyo ielekeayo kuifaa turbo ndogo. Mfasiri asipotaja nyuzi ni za fimbo ipi, hesabu yote huharibika bila ya neno hata moja kukosewa.

Watengenezaji wengine huanza kuhesabu nyuzi za uwazi valvu ianzapo tu kunyanyuka, wengine ikishafika milimita 1, na tarakimu zao hazilinganishwi. Kwa sasa twaandika "nyuzi za uwazi toka milimita 1", maneno marefu kuliko tupendavyo. Walimu wa mafunzo ya amali wa Pemba na Unguja, na wenzao wa ufundi stadi wa Bara, wakiwa na neno fupi litumikalo karakanani, twawaomba watuletee.