Busaa ya Kakamega na divai kavu ya Ujerumani: Chachu moja, hatima mbili

KATIKA vijiji vya Isukha na Idakho, kaunti ya Kakamega, mama anayepika busaa huamka kabla ya jogoo kuwika. Si kwa sababu kazi yake ni ndefu tu, bali pia kwa kuwa moshi wa alfajiri hauonekani mbali. Pombe hiyo ndiyo humlipia karo ya watoto, nayo hiyo hiyo yaweza kumfikisha kortini.

Maelfu ya kilomita kutoka hapo, kando ya mto Rhine nchini Ujerumani, kuna kinywaji kingine kilichozaliwa kwa chachu ya jamii ile ile. Ni divai nyeupe kavu itokanayo na zabibu ziitwazo Riesling. Hii haijifichi. Hutiwa katika chupa yenye jina la shamba, mwaka wa mavuno na nambari ya serikali, kisha husafirishwa hadi pembe zote za dunia.

Ni nini basi kilichovitenga vinywaji hivi viwili? Wengi hudhani kwamba kimoja ni cha kistaarabu na kingine ni cha kishenzi. Ukweli ni kwamba tofauti kubwa haimo chunguni wala pipani. Imo katika sheria, kumbukumbu na muda wa kinywaji kudumu kabla ya kuharibika.

Divai kavu ni nini?

Neno "kavu" huwatatiza wengi, maana hakuna kioevu kilicho kikavu. Maana yake ni divai isiyo na utamu. Zabibu zinapokamuliwa, maji yake huwa na sukari nyingi. Chachu huila sukari hiyo na kutoa kileo pamoja na hewa ya kaboni. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kileo. Chachu ikiachwa ile karibu sukari yote, divai huwa kavu. Ikikatizwa mapema, hubaki tamu.

Wajerumani huandika neno "trocken" kwenye chupa ya divai ya aina hii. Sheria inataka sukari iliyosalia isizidi gramu 4 kwa lita, au gramu 9 ikiwa divai ina uchachu wa kutosha kuusawazisha utamu huo. Riesling ina uchachu mwingi kwa asili, kwani hukomaa polepole katika nchi ya baridi. Uchachu huo ndio huiwezesha kuhifadhiwa kwa miaka mingi bila kuharibika.

Hati ya kwanza inayotaja Riesling ni ya mwaka wa 1435, huko Rüsselsheim. Mashamba yenyewe yana umri mkubwa zaidi. Katika eneo la Rheingau, jumba la Schloss Vollrads lina kumbukumbu ya kuuza divai tangu mwaka wa 1211. Shamba hilo lilikuwa mikononi mwa ukoo wa Greiffenclau kwa takriban miaka 800. Mmoja wa warithi wa mwisho, Erwein Matuschka-Greiffenclau, alisifika kwa kuwahimiza watu wanywe Riesling kavu pamoja na chakula. Hata hivyo, ukongwe haukumkinga na madeni. Mwaka wa 1997 aliaga dunia na shamba likaingia mikononi mwa benki, ambayo imeendelea kutengeneza divai kwa jina lile lile.

Kwa nini Kakamega haina mizabibu

Mji wa Kakamega uko karibu kabisa na ikweta, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na ndiyo iliyoustawisha msitu mashuhuri wa Kakamega. Neema hiyo ya mvua ni balaa kwa mzabibu, kwa sababu unyevunyevu huleta ukungu unaoozesha majani na matunda. Isitoshe, mzabibu hupenda majira ya kupumzika, yawe ya baridi kama Ulaya au ya ukame.

Ndiyo maana divai ya Afrika Mashariki imestawi kwingineko. Dodoma nchini Tanzania, ambako mvua ni haba, wamishonari walianzisha kilimo cha zabibu huko Bihawana katika miaka ya 1950, na leo wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Nchini Kenya, mizabibu imepandwa katika Bonde la Ufa, pande za Naivasha.

Kakamega ina mahindi na wimbi, na kwa nafaka hizo imejipatia kinywaji chake.

Ufundi wa busaa

Mtengenezaji wa divai ana bahati moja: sukari imo tayari ndani ya zabibu. Mpishi wa busaa hana bahati hiyo, kwa kuwa nafaka ina wanga, na chachu haiwezi kula wanga. Lazima kwanza wanga ugeuzwe kuwa sukari.

Kwa hiyo unga wa mahindi huchanganywa na maji na kuachwa siku kadhaa hadi uchache. Kisha hukaangwa juu ya bati lililowekwa motoni, ukigeuzwageuzwa mpaka uwe na rangi ya kahawia na harufu ya kupendeza. Wakati huo huo, wimbi hulowekwa, huachwa lichipue, halafu huanikwa na kusagwa. Hiki ndicho kimea. Wimbi linapochipua hutoa vimeng'enya vyenye uwezo wa kuukata wanga kuwa sukari. Unga uliokaangwa na kimea huchanganywa na maji, na baada ya siku chache mchanganyiko hutoa povu na huwa tayari kuchujwa.

Ndani ya chungu hicho hufanyika kazi tatu kwa pamoja. Kimea huzalisha sukari, chachu huigeuza kuwa kileo, na bakteria wa maziwa lala huleta uchachu. Chachu kuu ni ile ile waitayo wanasayansi Saccharomyces cerevisiae, ambayo huumua mkate na kuchachusha Riesling. Busaa huwa na kileo kidogo, kwa kawaida asilimia 2 hadi 4, ilhali divai kavu hufikia 11 hadi 13.

Wazee huinywa wakiwa wameketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Haikosekani katika mahari, matanga na sherehe za tohara, wala pale ngoma ya isukuti inaporindima. Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka wa 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Kinywaji kinachowakusanya watu kwenye sherehe hizo hizo hakijapata heshima kama hiyo.

Sheria na sumu

Kosa kubwa linalofanywa katika mijadala ya pombe za kienyeji ni kuitia busaa katika kapu moja na chang'aa. Busaa huchachushwa tu. Chang'aa hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kukusanywa, hivyo huwa kali mara nyingi zaidi.

Sheria ya mwaka wa 1980 ilipiga marufuku chang'aa, lakini haikuimaliza. Biashara ilihamia gizani, na gizani ndimo walimoingia walaghai waliozidisha makali kwa methanoli, kemikali ya viwandani. Methanoli ikiingia mwilini hugeuka kuwa asidi inayoharibu mshipa wa jicho na kusababisha upofu, kisha kifo. Mwezi Novemba mwaka wa 2000, zaidi ya watu 100 walifariki katika mitaa ya mabanda jijini Nairobi baada ya kunywa pombe ya aina hiyo. Maafa yalijirudia mwaka wa 2014 katika kaunti kadhaa, na tena Februari 2024 huko Kirinyaga.

Mwaka wa 2010, Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo, maarufu kama sheria ya Mututho, iliyofuta marufuku ya chang'aa na kuweka masharti ya leseni, ubora na saa za kuuza. Baada ya ugatuzi kuanza mwaka wa 2013, utoaji wa leseni za vileo ukawa jukumu la kaunti. Kwa mama wa kijijini, hata hivyo, masharti yaliyotungwa kwa ajili ya viwanda na baa ni mlima. Hana jengo la kukaguliwa wala fedha za kupeleka kila chungu kwenye maabara.

Si kwamba busaa haina hatari. Maji machafu huleta maradhi. Mahindi yaliyoota ukungu huwa na sumu ya aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kukaangwa wala kuchachushwa. Mwaka wa 2004, sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya kupitia mahindi ya chakula. Kishawishi cha kuyapikia pombe mahindi yaliyoharibika kipo, na mnywaji hana njia ya kujua. Ulevi wa kupindukia nao umevunja nyumba nyingi, uwe wa busaa au wa divai.

Funzo kutoka Ulaya

Wazungu nao wameonja aibu hiyo. Mwaka wa 1985 iligunduliwa kuwa baadhi ya watengenezaji nchini Austria walitia divai yao kemikali itumikayo kuzuia maji yasigande, ili ionekane tamu na nzito. Sehemu ya divai hiyo iliuzwa Ujerumani na hata kuchanganywa na ya huko. Biashara iliporomoka. Austria haikung'oa mizabibu yake. Ilitunga sheria kali zaidi ya ukaguzi, na wakulima wakageukia divai kavu zisizo na la kuficha.

Nchini Ujerumani, kila chupa ya divai ya ubora hubeba nambari ya ukaguzi rasmi. Kwa nambari hiyo mkaguzi anaweza kujua ni mtengenezaji yupi, mtungo upi na mwaka gani. Ikitokea kasoro, mwenye kosa hupatikana bila kuadhibu kijiji kizima.

Je, busaa yaweza kufuata njia hiyo? Kizuizi kikubwa ni cha kimaumbile. Busaa ni kinywaji hai, huendelea kuchacha hata baada ya kuchujwa, na baada ya siku mbili au tatu huwa chungu mno. Lakini jambo hili limetatuliwa kwingineko. Pombe ya nafaka iitwayo Chibuku huuzwa kihalali ikiwa imefungashwa, kuanzia Zambia na Malawi hadi Tanzania. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka wa 2012, aina yake moja hupashwa joto kuua vijidudu na hudumu wiki kadhaa.

Nchini Kenya, pengo la pombe nafuu lilijazwa na kampuni kubwa. Bia ya Senator Keg ilizinduliwa mwaka wa 2004 na kupunguziwa ushuru ili kuwatoa wanywaji katika pombe haramu. Ilifaulu kwa kiasi, na wakulima wa mtama wakapata soko. Mpishi wa busaa hakupata lolote.

Kupika kwa ushirika, katika jengo moja lenye maji safi, kimea kilichokaguliwa na daftari la kila mtungo, kungepunguza gharama ya leseni kwa kila mwanachama na kumpa mkaguzi pa kuanzia. Divai kavu ya Rheingau haikuaminika kwa sababu tu inatoka katika jumba la kale. Iliaminika kwa kuwa kila chupa ina mtu wa kuulizwa. Mama wa Kakamega naye yuko tayari kuulizwa, ila hadi sasa anayebisha mlangoni pake huja na pingu badala ya daftari.