Fahamu: Kabla ya kuongeza pedi na matoazi kwenye dramu za umeme

Rungwe ni wilaya ya kwaya; wamisionari Wamoraviani walifika huko mwaka 1891. Kama kwaya yenu ya Tukuyu, wilayani humo, ina dramu za umeme na mpigaji anadai toazi la pili, anzeni kwa kukagua moduli, yaani kile kisanduku kinachotoa sauti.

Je, kuna tundu la ziada?
Geuzeni moduli mwangalie nyuma. Moduli ya Alesis Nitro, kwa mfano, ina matundu mawili ya akiba: la tomu ya nne na la toazi la pili. Yakijaa, huenda mkahitaji moduli kubwa zaidi.

Je, pedi yoyote inafaa?
Hapana. Ndani ya pedi kuna kihisio kinachogeuza pigo kuwa umeme mdogo, na mpangilio wa nyaya unaweza kutofautiana kati ya kampuni. Toazi la Yamaha likichomekwa kwenye moduli ya Roland linaweza kulia katikati tu, ukingo ukabaki kimya. Tumieni waya wa stereo. Wa mono hupitisha ishara moja tu.

Mbona tomu ikipigwa, toazi nalo linalia?
Mtikisiko umepita kwenye fremu. Kazeni vibano, kisha punguzeni wepesi wa kuhisi wa toazi hilo kwenye moduli.

Tukuyu ina mvua nyingi, na unyevu huleta kutu kwenye matundu ya kuchomekea nyaya. Funikeni vyombo baada ya ibada, na msinunue pedi ya mtumba kabla ya kuijaribu kwenye moduli yenu wenyewe.