Nyumba ya bulangeti mu saloni

Wazazi, na ninyi vijana mulio na wadogo nyuma yenu, likizo kubwa inakuja pamoja na baridi yake. Mwezi wa saba watoto wa mama mudogo wanatoka Likasi, wa shangazi wanatoka Kipushi, na chumba chenye vitanda viwili kinapaswa kulaza vichwa saba. Kwetu huku juu, mita 1,200 na kupita, usiku wa mwezi wa sita na wa saba digri zinashuka chini ya 10. Sima inakuwa kama barafu, na mabati hayashiki joto hata kidogo.

Watoto wenyewe walipata dawa yao tangu zamani: wanasukuma viti, wanatandaza mabulangeti juu, wanaingia chini yake na kusema, "Hapa njo kwetu." Mara nyingi tunawafukuza. Safari hii muwaachie, tuseme usiku wa siku ya posho, lakini mujenge pamoja nao. Ile nyumba ikijengwa vizuri inapasha joto kweli. Ikijengwa vibaya inaweza kuua.

Tuanzie chini, pale wengi wanasahau. Anayelala mu saloni anasumbuliwa zaidi na baridi ya sima kuliko ile ya hewa. Mupasue makartoni, muyatandaze, kisha mikeka, kisha matela. Kama mabulangeti ni machache, moja liende chini ya migongo kabla hamujafikiria paa.

Kwa paa, kijana mwenye nguvu atataka kuweka bulangeti nzito kuliko yote. Mumukatalie. Kitu kizito kinavuta kamba, na saa sita ya usiku nyumba nzima inawaangukia. Juu tunaweka vikwembe. Kikwembe cha yadi mbili kina urefu karibu mita 1.80 na upana zaidi kidogo ya mita moja. Vitatu vikishikanishwa na pensi za kuanikia nguo vinatosha watoto wane. Kamba ifungwe ku nondo za dirisha, upande wa pili ku meza. Viti vigeuze mugongo ndani, na juu ya kila kiti muweke mufuko wa unga ili kisisogee. Musifunge kamu kamba kamoja ku televisheni wala ku kabati la vyombo: mutoto akivuta kikwembe mu usingizi, vyote vinamuangukia kichwani. Mito inapangwa pembeni kama ukuta, kuzuia upepo unaopita chini ya mulango.

Upande mumoja ubaki wazi, upana wa mulango, ukiangalia ndani ya nyumba. Watu watatu wane wakilala humo watapata joto bila kitu kingine. Mutu mukubwa anayepumzika anatoa joto karibu sawa na ampuli ya zamani ya wati 100. Mutoto anatoa kidogo kuliko pale, lakini vikwembe vinalizuia lisikimbilie ku mabati.

Sasa neno ambalo ningependa yaya wa nyumba alisome kwa sauti mbele ya wote. Mbabula haiingii mu nyumba hiyo. Haiingii mu saloni ambamo watoto wamelala, hata ikiwa pembeni, hata dirisha likiachwa wazi kidogo. Wengi wanasema: "Moshi umekwisha, makala yamekuwa mekundu, haina shida." Pale pale njo hatari iko. Makala yanayowaka yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoingia mu damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Mutu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, pengine anatapika, kisha usingizi unamushika na haamuki. Ukimukuta hivi, fungua milango yote, mutoe inje mu hewa safi na mumupeleke hospitali mara moja, hata kama ameanza kusema vizuri. Maziwa hayaondoi gesi ile. Musipoteze saa kuyatafuta.

Kupasha matela kuna njia nyingine. Jaza maji ya moto, si yale yanayochemka, mu chupa yenye kifuniko kizuri, uifunge mu kitambaa, uilaze chini ya mabulangeti nusu saa kabla ya watoto kuingia. Mwanga pia usiwe wa moto: buji na taa ya petroli havikai karibu na vikwembe. Siku ya delestaji tumia tochi. Telefoni inayochajiwa isiwekwe chini ya mito, kwa sababu inapata moto sana pale.

Mustikeri ifungwe ndani, chini ya vikwembe, na pindo zake ziingizwe chini ya matela. Baridi inapunguza mbu, haiwamalizi. Na mutoto asiyefikisha mwaka mumoja alale kwa mama yake, kwani mito na bulangeti vinaweza kumufunika pua.

Kuna jambo lingine linaloharibu usiku kuliko kamba kukatika. Kati ya wageni kuna mara nyingi mumoja anayekojoa ku matela. Chini ya miaka mitano si ugonjwa, na wengine wanaendelea kidogo hata baada ya pale. Lakini wenzake wakimucheka asubuhi, ataomba arudi kwao. Mama wa nyumba anaweza kuuliza mama wa mutoto mapema, kwa siri. Halafu aweke nailoni chini ya shuka la watoto wote, si la mumoja tu, na aseme wote waende choo pamoja na tochi kabla ya kulala. Hakuna atakayejua ni juu ya nani.

Mukubwa mumoja, mama, nkambo au yaya mwenye kuaminiwa, alale karibu na mulango wa chumba wazi, asikie. Mugeni wa kiume asiye wa nyumba hana kazi pale. Na mutoto akilia kwamba anataka kwao, musimwambie amekuwa mukubwa. Mumupigie mama yake, wasemezane.

Asubuhi nyumba inabomolewa na wale walioijenga. Mabulangeti na matela yaende juani, makartoni yawekwe kavu, mufuko wa unga urudi pahali pake. Pensi zihesabiwe: mama atazitafuta siku ya kufua.