Tope la Mbuga Lina Saa Yake

Mgeni anayekuja Dodoma kushindana mbio za porini, za miguu na za baiskeli, huuliza kama mvua itanyesha. Mimi humwuliza jua litawaka saa ngapi.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka hukusanya kiasi cha milimita 500 hadi 600. Si nyingi. Tatizo ni pale zinapoangukia. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alieleza kwamba udongo wa Afrika Mashariki hubadilika kwa mpangilio uleule kila unaposhuka kilima. Mpangilio huo aliuita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Huku kwetu utaukanyaga wote kwenye njia moja ya ng'ombe: majabali juu, udongo wa kichanga, udongo mwekundu, na bondeni ule mweusi wa mbuga, kama wa mashamba ya mpunga ya Bahi.

Chembe za udongo mweusi zimepangana kama kurasa za kitabu. Maji yakiingia katikati ya kurasa, udongo huvimba. Kiangazi hunywea na kupasuka nyufa. Mvua ikiwa bado inapiga, tope ni uji: unateleza, lakini linadondoka lenyewe. Mvua ikikatika na jua likiwaka kidogo, uji unakuwa gundi. Hapo ndipo mbio huharibika.

Kabla ya kuingia bondeni, okota donge ulisokote kwa viganja. Likikatika, endelea kuendesha. Likitoka uzi mwembamba kama tambi, shuka, tena mapema. Tope hupanda na tairi, huokota nyasi na changarawe, hujaa kwenye uma, gurudumu likagoma. Ukilazimisha pedeli, unavunja kile kichuma kinachoshika kibadilisha gia cha nyuma. Mimi nilikivunja hivyo, nikaibeba baiskeli hadi barabara ya lami.

Ubelgiji, kwenye mbio za baiskeli za matopeni, mabingwa huitia baiskeli begani bila aibu, na fundi huwasubiri na nyingine iliyooshwa. Sisi wa baiskeli moja tubebe kijiti bapa cha kukwangulia. Tairi la meno marefu yaliyoachana husaidia kwenye udongo mwekundu. Mbugani halifui dafu. Anayekimbia afupishe hatua, akaze kamba za viatu, akanyage penye nyasi, maana mizizi yake hushika ardhi. Na usisahau miiba ya migunga, ambayo mafuriko huizika njiani: dawa ya kuziba matundu ndani ya tairi si anasa.

Kwa waandaaji nina ombi moja. Msiwapitishe mamia ya watu mbugani penye tope. Alama za magurudumu hukauka zikawa ngumu kama tofali, na hubaki hadi mvua za mwaka unaofuata. Njia ile ina wenyewe. Wiki moja baada ya mbio, kuna mtu anasukuma baiskeli yenye madumu manne ya maji juu ya mifereji ile, anashikilia usukani kwa mkono mmoja na madumu kwa mwingine yasimwagike.