SAMAKI WA NYUMBANI JUU YA CHEREHANI KUUKUU



Mkulima mmoja wa hapa Amukura alikuja ofisini akiwa na huzuni. Alikuwa amenunua vifaranga vya ngege, akavimwaga kidimbwini mara tu alipofika nyumbani. Siku ya tatu aliviona vingi vinaelea. Akaniuliza, "Bwana Karani, maji yangu ni ya matope. Nitajuaje mambo ya huko chini?"

Swali hilo ni la haki. Tangu mwaka 2009, Serikali ilipoanzisha mpango wa kuchimba vidimbwi katika sehemu nyingi za Kenya, wengi wetu tumejifunza kufuga samaki, lakini ni wachache waliowahi kumtazama samaki akila. Njia nzuri ya kujifunza ni kuweka samaki wachache katika tangi la kioo nyumbani. Si lazima kununua meza mpya. Vyombo vikuukuu vya nyumbani vyatosha, mradi tujue uzito wa maji.

Uzito wa maji

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30, likiwa na maji, kokoto na kioo chake cha milimita 6, lina uzito wa karibu kilo 80. Huo ni kama uzito wa gunia la mahindi, nalo litakaa pale usiku na mchana kwa miaka.

Mimi mwenyewe nilikosea. Tangi langu la kwanza niliweka juu ya kabati la mbao za unga ulioshindiliwa. Maji yalidondoka kidogo kidogo, mbao zikavimba, na usiku mmoja kabati likaanguka. Jioni ile ile mwanangu alikuwa ameketi hapo chini akiandika kazi yake ya shule. Namshukuru Mungu kwamba alikuwa amekwisha kwenda kulala.

Chombo kifaacho

Miguu ya chuma ya cherehani ya zamani ya kukanyaga yafaa sana. Ondoa mkanda, funga gurudumu na kanyagio kwa waya ili watoto wasichezee, kisha kaza juu yake ubao wa mvule wenye unene wa inchi moja. Meza ya mbao ngumu yafaa pia, lakini pigilia mbao za mshazari nyuma na kati ya miguu ili isiyumbe. Kabla ya kuweka tangi, waketi juu yake watu wazima wawili. Ikilia au ikicheza, haifai.

Weka chombo penye sakafu ngumu, mbali na jua la dirishani, maana jua huotesha ukijani majini. Hakikisha ubao umelala sawa, kisha tandika kipande cha blanketi kuukuu chini ya tangi. Gundi ya vioo iwe silikoni isiyo na dawa ya ukungu. Iache ikauke siku mbili au zaidi. Halafu jaza maji ukiwa nje, uliache siku nzima uone kama linavuja.

Maji na samaki

Maji ya bomba yenye dawa ya klorini yaache wazi siku moja. Maji ya kisima yamimine toka ndoo hii hadi ile mara nyingi ili yapate hewa. Usitumie chombo kilichowahi kutiwa dawa ya shambani, wala usitie majini mkono uliotoka kuchuma tumbaku au kupulizia dawa. Sumu kidogo tu huua samaki.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Vijidudu vizuri viishivyo katika kokoto huigeuza kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, lakini vijidudu hivyo huchukua majuma manne hadi sita kuongezeka. Kwa hiyo anza na samaki wawili au watatu wadogo, wala usizidi sita kama huna mashine ya hewa. Kila juma toa robo ya maji, utie mengine. Lisha kile tu wanachomaliza kwa dakika tano. Ukiwaona asubuhi wanahema juu ya maji, hewa imepungua: mimina maji kwa kikombe kutoka juu, kisha punguza samaki.

Unapoleta vifaranga, acha mfuko wao uelee majini dakika 15 au 20, kisha ongeza maji ya tangi mfukoni kidogo kidogo. Fanya vivyo hivyo kidimbwini. Tena, kabla ya kununua vifaranga mia tano, jaza tangi maji ya kidimbwi chako na uweke watatu humo. Wakifa, hasara ni ya watatu tu.

Ngege akikua mhamishie kidimbwini. Usimwage samaki wa tangi katika Mto Malaba wala Mto Sio. Sangara alipopandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, aina nyingi za fulu zilimalizika baadaye, na baadhi zimebaki katika matangi ya ng'ambo tu. Ngege wetu wa asili naye karibu atoweke ziwani. Amesalia katika maziwa madogo kama Kanyaboli, huko Siaya.

Funika tangi kwa wavu, na watoto wapewe zamu ya kulisha. Siku watakapomwona ngege jike akibeba mayai kinywani mwake, watauliza maswali mengi. Wajibuni, maana hao ndio watakaovitunza vidimbwi vyetu kesho.