Kishikwambi mkononi mwa nani?

Kuanzia usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 Tanzania ilihesabu watu wake, na safari hii makarani walibisha hodi wakiwa na vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Baadhi ya makarani hao walikuwa walimu. Kazi ilipokwisha, Serikali iliona vifaa vile visilale stoo, na kabla mwaka haujaisha vishikwambi zaidi ya laki mbili vikaanza kugawiwa walimu nchi nzima. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa mwalimu wa kata ya Wazo, kule Kinondoni ambako kilima cha mawe ya chokaa kinachimbwa kutengeneza saruji: mkobani mwake, pamoja na chaki na andalio la somo, kikaingia kishikwambi.

Je, mtoto wake wa darasa la pili atasoma vizuri zaidi kwa sababu hiyo?

Jibu lililo karibu nasi lilitafutwa Kisumu, Kenya, kwenye mradi wa kufundisha kusoma na hesabu ulioitwa PRIMR. Watafiti walizigawa shule katika makundi. Kundi la kwanza kila mwanafunzi alipewa kifaa cha kielektroniki cha kusomea vitabu. La pili, vishikwambi walipewa walimu. La tatu, mwanafunzi wala mwalimu hakupewa kifaa chochote. Kishikwambi alipewa afisa anayezunguka shuleni kuwasaidia walimu. Shule nyingine ziliachwa ziendelee kama kawaida, ili pawe na cha kulinganishia. Makundi yote matatu yalipata pia vitabu vya kutosha, kiongozi cha mwalimu, mafunzo, na mtu wa kuwatembelea walimu.

Benjamin Piper na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2016. Watoto wa makundi yenye mradi waliwapita wale wa shule za kawaida, lakini yenyewe kwa yenyewe makundi hayo hayakuachana kwa tofauti ya maana kitakwimu. Mtoto aliyeshika kifaa chake mwenyewe hakumzidi yule ambaye kifaa kiliishia kwa afisa. Walipopiga hesabu ya fedha, kishikwambi cha afisa ndicho kilichokuwa na tija kubwa kuliko vyote, maana afisa mmoja anahudumia shule nyingi, ilhali vifaa vya watoto vinanunuliwa kimoja kimoja.

Kwangu mimi tokeo hilo lina uzito kuliko matangazo yote ya teknolojia ya elimu niliyowahi kuyasoma, na inafaa kueleza afisa yule alikuwa akifanya nini hasa.

Anaingia darasani, anaketi nyuma na kufungua programu iitwayo Tangerine. Somo likiendelea anabonyeza majibu ya maswali mafupi: mwalimu amesoma kwanza mwenyewe? Watoto wana vitabu mikononi? Somo likiisha anaita watoto watatu, mmoja mmoja. Mtoto anapewa kifungu, saa ya kishikwambi inahesabu sekunde sitini, na kila neno analokosea afisa analigusa kwenye kioo. Muda ukiisha, anagusa neno la mwisho lililosomwa, na hapohapo programu inatoa idadi ya maneno sahihi kwa dakika. Afisa na mwalimu wanakaa pembeni wakiitazama pamoja na kuizungumzia.

Siri iko kwenye mazungumzo hayo. Yeyote aliyepita shule zetu za msingi anaijua sauti ya darasa likisoma kwa pamoja: mwalimu anagusa ubao kwa fimbo, watoto wanaitikia, paa linatikisika. Ukisikiliza kwa nje utasema hapa wanasoma. Kumbe nusu yao wanafuata sauti ya jirani, na wengine wamekwisha kukariri ukurasa hata kitabu ukikigeuza juu chini wataendelea tu. Mwalimu hadanganyi wala si mvivu. Sauti ile inamdanganya yeye. Dakika moja ya mtoto mmoja peke yake inaonyesha kilichofichwa na kiitikio, na kuna mwenzake pale wa kumwambia kesho ajaribu nini.

Kenya ilipoupanua mpango huo nchi nzima kuanzia 2015, kwa jina la Tusome, vishikwambi vilikwenda kwa maafisa. Kifaa kilirekodi pia mahali afisa alipo, na kumbukumbu hiyo ndiyo iliyotumika kumrudishia nauli. Ziara za kwenye karatasi zikakosa pa kujificha.

Atakayebisha atataja Tanga, na ana haki. Kuanzia mwishoni mwa 2017, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi katika vijiji takriban 170 vya mkoa huo, kwa watoto ambao wengi hawakuwahi kukanyaga shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Ni mafanikio makubwa, na hapakuwa na mwalimu. Lakini hata kule kila kijiji kilikuwa na mtu mzima wa kuangalia kituo cha kuchajia kwa umeme wa jua. Zaidi ya hayo, swali la Tanga lilikuwa la mtoto asiye na mwalimu. Kule Wazo mwalimu yupo, ila anahudumia watoto wengi mno.

Nasi tumewahi kulipatia jambo hili bila kioo chochote. Kampeni ya elimu ya afya ya mwaka 1973, Mtu ni Afya, ilitumia redio kuwafikia watu wazima wapatao milioni mbili kwa majuma 12. Redio ilisikika, lakini nyuma yake walikuwepo makumi ya maelfu ya viongozi wa vikundi waliofundishwa kuendesha mazungumzo baada ya kipindi, na vyoo vikachimbwa kweli.

Leo mfumo wa kufanana na huo upo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo walimu wa shule moja hukutana katika jumuiya zao za ujifunzaji. Wengi nimewasikia wakilalamikia bando, na wana sababu. Ila moduli ikishapakuliwa mara moja, mjadala hauhitaji intaneti. Afisa elimu kata naye yupo, na kwa Wazo hana umbali wa vijiji wa kumsumbua. Kinachomkabili ni wingi: darasa la watoto 120 ukimpima kila mmoja kwa dakika mbili, pamoja na kuingia na kutoka, ni saa nne. Watatu waliochaguliwa kwa kubahatisha kutoka kwenye daftari la mahudhurio ni dakika sita, na mwalimu mkuu anaweza kuzifanya mwenyewe kabla ya mapumziko, kwa kishikwambi kilekile cha sensa.